Nani Anamteua Mwamuzi?

Kati ya Agosti 2020 na Agosti 2023 wanajeshi walipindua serikali Mali, Guinea, Burkina Faso, Niger na Gabon. Mali na Burkina Faso walipindua mara mbili. Picha zilifanana: maofisa waliovaa sare wamejipanga mbele ya kamera ya televisheni ya taifa, mmoja anasoma karatasi, mipaka imefungwa, katiba imesimamishwa. Huku kwetu Afrika Mashariki wengi walizitazama picha hizo wakashukuru kwamba yaliyowakuta wenzetu hayajatufika. Shukrani hiyo ina haki yake, lakini imetulaza. Ukiacha jaribio lililoshindwa Burundi Mei 2015, hatari inayoikabili demokrasia katika nchi zetu haijaja na vifaru. Imekuja mchana kweupe, kwa muswada uliosomwa bungeni mara tatu, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, kwa barua ya uteuzi na kwa barua ya kutengua uteuzi.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama demokrasia ya nchi yake ni nzima asianze kwa kuhesabu vyama wala kwa kusoma asilimia za kura. Aanze na waamuzi. Kila nchi inayojitawala kwa kura ina watu ambao kazi yao ni kupuliza filimbi: tume inayojumlisha kura, jaji anayesikiliza shauri la uchaguzi, mkaguzi anayefungua vitabu vya hesabu, spika, msajili wa vyama, mhariri wa gazeti. Kuhusu kila mmoja wao kuna maswali matatu ya kuuliza. Nani anamteua? Nani anamlipa? Nani anaweza kumwondoa? Jibu likiwa ni mtu yuleyule katika maswali yote, na mtu huyo naye ni mchezaji uwanjani, basi maneno mazuri ya utangulizi wa katiba hayatamfaa mwananchi siku ya mgogoro. Tumezoea kuzungumzia demokrasia kama suala la wanasiasa, na utawala bora kama suala la wahasibu na wafadhili. Naamini ni jambo moja, na linaamuliwa hapo kwenye waamuzi.

Kenya ilijifunza hili kwa damu. Mwaka 1997, katika mazungumzo ya vyama vya bunge yaliyojulikana kwa kifupi cha IPPG, ilikubaliwa kwamba upinzani upendekeze baadhi ya makamishna wa tume ya uchaguzi. Yalikuwa makubaliano ya waungwana tu. Hayakuingizwa kwenye katiba. Uchaguzi wa 2002, ulioiondoa KANU baada ya karibu miaka 40 madarakani, ulisimamiwa na tume iliyopatikana kwa njia hiyo, na aliyeshindwa akakubali. Lakini kufikia uchaguzi wa Desemba 2007, Rais Mwai Kibaki, ambaye yeye mwenyewe alinufaika na makubaliano yale, alikuwa ameteua makamishna wapya bila kuwashirikisha wapinzani wake. Desemba 30 mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alimtangaza Kibaki mshindi, na rais akaapishwa jioni ileile. Siku chache baadaye Kivuitu aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki alishinda.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilifikia hitimisho kwamba hesabu zilivurugika kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi. Chuki za ardhi Bonde la Ufa zilikuwepo miaka mingi kabla ya siku ile, na wanasiasa walikuwa wakizichochea tangu enzi za uchaguzi wa 1992. Kilichofungua mlango wa maafa ni kwamba walalamikaji hawakuona pa kwenda. Chama cha upinzani cha ODM kilisema wazi kwamba hakitafika mahakamani kwa kuwa majaji nao waliteuliwa na mtu yule aliyekuwa akilalamikiwa. Kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Barabara ikawa ndiyo mahakama pekee iliyobaki.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliandikwa na watu waliokuwa bado wanazika. Ndiyo maana imeyajibu yale maswali matatu kwa uangalifu kuliko katiba nyingi za ukanda huu. Majaji wanaotaka nafasi za juu wanahojiwa hadharani na Tume ya Utumishi wa Mahakama, wananchi wakitazama kwenye televisheni. Matokeo ya urais yanaweza kupingwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7, na majaji wanapaswa kuamua ndani ya siku 14. Septemba 1, 2017, majaji wanne dhidi ya wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta kwa sababu ya kasoro katika usafirishaji wa matokeo na kwa sababu tume haikufungua mitambo yake kama ilivyoamriwa. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea Afrika: mahakama kufuta ushindi wa rais aliye Ikulu.

Lakini ajabu ya siku ile isitufanye tusahau yaliyofuata, maana ndiyo yenye somo. Rais aliwaita majaji wakora mbele ya umati na kuahidi kushughulika na mahakama. Oktoba 24, siku mbili kabla ya uchaguzi wa marudio, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi. Kesho yake mahakama ilipaswa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi. Kati ya majaji saba walifika wawili tu, na akidi haikutimia. Kisha ikaja adhabu ya polepole. Bajeti ya mahakama ilikatwa hadi Jaji Mkuu akalalamika hadharani. Orodha ya majaji 41 waliopendekezwa mwaka 2019 ilikaa mezani kwa rais hadi Juni 2021, alipowateua wengi wao na kuwaacha sita, ingawa katiba haimpi hiari hiyo. Sita hao waliapishwa Septemba 2022 na rais mwingine. Swali la nani anamteua lilikuwa limefungwa vizuri kwenye katiba. Watawala wakapitia kwa nani anamlipa.

Tume ya uchaguzi nayo ilipata yake. Mwaka 2022 ilifanya jambo la kupigiwa mfano: fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, na mwananchi yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo ya mwisho, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, majaji wote saba wakathibitisha ushindi wa William Ruto Septemba 5, na nchi ikaendelea na shughuli zake. Linganisha na 2007. Hata hivyo kuanzia Januari 2023 tume hiyohiyo ilibaki bila kamishna hata mmoja kwa karibu miaka miwili na nusu, hadi Julai 2025, huku wanasiasa wakivutana juu ya jopo la kuteua wapya. Watu wa jimbo la Banissa, kaunti ya Mandera, walimpoteza mbunge wao Machi 2023 na hawakuweza kupata mwingine hadi Novemba 2025. Sheria zote zilikuwepo. Viti tu ndivyo vilivyoachwa wazi, na Wakenya wa Banissa wakakosa mtu wa kuwasemea katika bunge lililopitisha bajeti na kodi zao.

Malawi inaonyesha upande wa pili. Februari 3, 2020, majaji watano waliofika mahakamani wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi walifuta uchaguzi wa Mei 2019, baada ya kuthibitika kwamba fomu nyingi za matokeo zilifutwafutwa kwa wino mweupe. Chini ya wiki mbili kabla ya marudio, serikali ya Peter Mutharika ilitangaza kwamba Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aende likizo akisubiri kustaafu. Mawakili na majaji waliandamana wakiwa na majoho yao, Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo, na uchaguzi ukafanyika Juni 23. Lazarus Chakwera akaingia Ikulu. Septemba 2025 alishindwa na Mutharika yuleyule, akakubali. Malawi si nchi tajiri na haina katiba ya miujiza. Ilikuwa na wanasheria waliojua kwamba mwenzao akiondolewa leo kwa likizo, kesho hakutakuwa na mahakama ya kutetea.

Sasa Tanzania. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama watu wanataka chama kimoja au vingi. Asilimia 80 hivi walisema chama kimoja kiendelee, lakini tume ikapendekeza vyama vingi, na kwa busara kubwa ikaongeza kwamba kuruhusu vyama peke yake hakutatosha: katiba mpya iandikwe, na sheria 40 zilizobana uhuru zifutwe au zirekebishwe. Vyama viliruhusiwa 1992. Katiba mpya haikuandikwa. Tukaendelea na Katiba ya 1977, iliyotungwa kwa ajili ya nchi ambayo chama kilikuwa ndicho mwenye kauli ya mwisho, tukaifanyia marekebisho juu ya marekebisho.

Ibara mbili zinatosha kueleza tatizo. Ibara ya 41(7) inasema mgombea akishatangazwa na tume kuwa Rais, mahakama yoyote haitakuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ibara ya 74(12) inaizuia mahakama kuchunguza jambo ambalo tume imelitenda katika kutekeleza kazi zake. Mwenyekiti wa tume anateuliwa na Rais, na Rais mara nyingi ni mgombea. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la wakili Jebra Kambole kwamba ibara ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika. Kabla ya hukumu hiyo, Novemba 2019, serikali ilikuwa tayari imetoa taarifa ya kujiondoa kwenye tamko linalowaruhusu raia na mashirika kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo. Nchi iliyoipa mahakama ya bara zima makao ikawafungia mlango raia wake.

Chini ya tume kulikuwa na wakurugenzi wa halmashauri, walioteuliwa na Rais, ambao ndio waliosimamia uchaguzi majimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe, iliamua kwamba utaratibu huo ni kinyume cha katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Mwaka uliofuata wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, na katika majimbo zaidi ya 20 wabunge wa chama tawala, CCM, walipita bila kupingwa, yaani wapigakura wa majimbo hayo hawakupewa hata karatasi ya kura ya ubunge. Sheria mpya za 2024 ziliiongezea tume neno "Huru" kwenye jina lake, zikaweka usaili kwa baadhi ya wajumbe, na zikaondoa huo utaratibu wa kupita bila kupingwa. Hayo ni maendeleo na ni haki kuyataja. Lakini uteuzi wa mwenyekiti, na ile ibara ya 41(7), havikuguswa.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifika katika hali hiyo. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kilikuwa kimeondolewa Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, msimamo wake ukiwa kwamba mageuzi yatangulie uchaguzi. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, ambaye mwaka 2017 alimiminiwa risasi Dodoma mchana na waliomshambulia hawajafikishwa mahakamani, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, alienguliwa. Siku ya kura vijana waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na watu wakauawa. Idadi yao hadi leo inabishaniwa. Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa karibu asilimia 98. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya waliosababisha vurugu, lakini kijana aliyekasirishwa na matokeo ya urais Tanzania hana mahakama ya kuyapeleka. Katiba yenyewe imemwambia hivyo. Nchi iliyokuwa ikiwapokea wakimbizi wa chaguzi za wenzake ilipaswa kuliona hili likija.

Zanzibar ilikuwa imetuonyesha mapema. Baada ya mauaji ya Januari 2001 na mapatano ya Muafaka yaliyovunjikavunjika, Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha CUF na Rais wa Zanzibar Amani Karume waliketi, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikaunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa karibu theluthi mbili ya kura. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa amani. Kisha Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, akafuta uchaguzi mzima wakati matokeo yakiendelea kutangazwa. Marudio ya Machi 2016 yalisusiwa na CUF. Miaka mitano ya maridhiano, yaliyojengwa kwa juhudi kubwa na watu wa Unguja na Pemba, ilisimamishwa na tamko la mtu mmoja.

Nirudi kwenye hesabu za fedha, ambako mazungumzo ya demokrasia huwa hayafiki na ndiko mwananchi wa kawaida anakoumia. Kati ya 2008 na 2014 Bunge la Tanzania lilikuwa na kipindi chake kizuri kuliko vyote. Februari 2008 ripoti ya kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe juu ya mkataba wa umeme wa Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ikitumia ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), iliwasilisha sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri akaondolewa. Watu walikaa vibarazani na kwenye vibanda vya chai wakifuatilia mjadala moja kwa moja hadi usiku. Kilichowapa wabunge ujasiri, wakiwemo wa chama tawala, ni kwamba wapigakura wao walikuwa wanawatazama.

Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalisitishwa, kwa maelezo ya gharama. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio likadumu hadi Januari 2023. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ili kumwadhibu anayetoa takwimu zinazopingana na za serikali. Ilipunguzwa makali mwaka uliofuata baada ya kelele, zikiwemo za Benki ya Dunia. Kisha zamu ya mkaguzi ikafika. Profesa Mussa Assad alikuwa ameonyesha katika hesabu za 2016/17 tofauti ya shilingi trilioni 1.5 kati ya makusanyo na matumizi, jambo ambalo wabunge wa upinzani walilishikia bango na serikali ikalitolea maelezo yake. Alipohojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini ripoti za ukaguzi hazifanyiwi kazi, alisema huo ni udhaifu wa Bunge. Aliitwa mbele ya kamati ya maadili, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba akaondolewa, akiwa hajafikia umri wa kustaafu ambao katiba imeutaja. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwake kulikiuka katiba. Hukumu nzuri, miaka mitatu imechelewa. Mkaguzi mwingine alikuwa kazini muda wote huo.

Tazama jinsi mambo haya yanavyofungana. Bila mkaguzi hakuna ripoti ya kujadili. Bila kamera mjadala hauna makali. Bila mikutano ya hadhara hakuna wa kuwapelekea wananchi wa Nachingwea au Kasulu habari ya mjadala. Na mbunge mwenyewe hawezi kuthubutu, maana kwa ibara ya 71 akifukuzwa na chama chake anapoteza kiti, na hawezi kugombea peke yake kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala hilo tangu mahakama za nyumbani hadi Mahakama ya Afrika, ambayo 2013 ilimpa ushindi. Hapo ndipo fedha za dawa na madawati zinapopotelea, katikati ya watu ambao kila mmoja ana sababu ya kunyamaza.

Ngazi ya kijiji inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, maana ndiyo demokrasia ambayo watu wengi wanaishi nayo kila siku. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu, unakutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanasomwa mbele ya wanakijiji wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ni sheria nzuri sana. Lakini mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa katika uchaguzi unaosimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali kuu inayoshughulikia serikali za mitaa, na afisa mtendaji anaajiriwa na kuhamishwa na halmashauri ya wilaya. Katika uchaguzi wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walikatwa, vyama vikuu vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Ule wa Novemba 2024 haukutofautiana sana. Mwenyekiti asiyechaguliwa kwa ushindani hana sababu ya kusoma mapato na matumizi. Migogoro mingi ya ardhi kati ya wakulima, wafugaji na wawekezaji ina mzizi huo: mihtasari ya mikutano ambayo haikufanyika.

Majirani wengine nitawapitia kwa haraka, kwa kuwa habari zao ni za mstari mmoja. Uganda ilifuta ukomo wa mihula 2005, ikafuta ukomo wa umri Desemba 2017 baada ya askari kuingia bungeni na kuwatoa wabunge waliopinga. Burundi, Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu 2015, makamu wa rais wa Mahakama ya Katiba alikimbilia Rwanda akisema majaji wameshinikizwa. Kongo ina kisa kizito kuliko vyote: Corneille Nangaa, aliyeiongoza tume iliyotangaza matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2018, matokeo ambayo Kanisa Katoliki lilisema hayalingani na takwimu za waangalizi wake, Desemba 2023 alianzisha muungano unaoshirikiana na waasi wa M23. Goma na Bukavu zilianguka mwanzoni mwa 2025. Aliyekuwa mwamuzi wa kura sasa anashika bunduki.

Juu ya yote hayo kuna woga. Mwandishi Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017. Ali Mohamed Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi Septemba 2024, akakutwa amekufa siku iliyofuata. Kenya ilishuhudia vijana wakitekwa baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Muswada wa Fedha. Mpinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alikamatiwa Nairobi Novemba 2024 akaibukia mahakama ya kijeshi Kampala. Serikali ambazo zimeshindwa kuafikiana juu ya biashara ya mahindi zimeafikiana juu ya kukamatiana wapinzani.

Kuna hoja inayosemwa na watu wa kuheshimika: kwamba nchi maskini zinahitaji maendeleo kwanza, na siasa zitafuata. Wanaitaja Rwanda, iliyojenga bima ya afya ya jamii na kupunguza vifo vya watoto bila mabishano ya vyama. Wanataja reli ya SGR na Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Mafanikio hayo ni ya kweli. Lakini hoja hiyo inamtegemea kiongozi awe mwema, awe sahihi, na aendelee kuwa hivyo. Mwaka 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za corona baada ya kufikisha wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka mzima daktari, mwalimu na mfanyabiashara wa Kariakoo hawakuwa na namba ya kuwasaidia kuamua. Reli haiwezi kuziba pengo hilo. Na fedha za kashfa ya Goldenberg Kenya, na za kashfa za EPA na Escrow Tanzania, zilikuwa fedha za maendeleo. Zilipotea kwa kukosa mtu wa kuuliza mapema.

Wala wananchi na vyama hawako nje ya lawama. Mwaka 2000 Bunge lilihalalisha takrima kwa wapigakura, na Mahakama Kuu ilipoifuta 2006 tuliendelea kupokea kanga na chumvi gizani. Vyama vingi vinavyodai tume huru havina uchaguzi huru ndani yake. Januari 2025 mkutano mkuu wa CCM ulimpitisha mgombea urais pekee kabla fomu hazijatolewa. CHADEMA mwezi huohuo ilifanya kinyume: Lissu alimshinda Freeman Mbowe, aliyeongoza chama zaidi ya miaka 20, kwa kura 513 dhidi ya 482, nchi nzima ikitazama zikihesabiwa, na Mbowe akakubali. Hilo lilipaswa kuwa jambo la kawaida nchi nzima.

Kazi ya kuandika majibu ya yale maswali matatu ilikwishafanywa. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi, na rasimu yake ya Desemba 2013 iliruhusu matokeo ya urais kupingwa Mahakama ya Juu, iliruhusu mgombea huru, na iliwapa wapigakura uwezo wa kumwondoa mbunge. Mabishano juu ya Muungano wa serikali tatu yaliuvunja mchakato, na wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje ya Bunge Maalum Aprili 2014. Lakini jambo moja linasahaulika: hata Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na waliobaki, wengi wao wa CCM, ilibakiza haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani na haki ya mgombea huru. Kura yake ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Kwa hiyo juu ya mambo haya mawili chama tawala na wapinzani wake walikwishakubaliana kwa maandishi. Muundo wa Muungano unaweza kusubiri mjadala wake. Serikali ipeleke bungeni muswada wa kurekebisha ibara ya 41, 71 na 74 sasa, kabla ya uchaguzi mwingine wowote, na kila mbunge aulizwe na watu wa jimbo lake aliupigia kura gani.